Hapo Kesho Kutwa Paliondokea: Barua ya Wazi kwa Wanaotupangia Teknolojia

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Waheshimiwa wanachama wa Kamati ya Bunge la Taifa ya Mawasiliano, Habari na Ubunifu.

MINTARAFU: OMBI LA KUAMBATISHA HADITHI KWENYE MISWADA NA MIRADI YA TEKNOLOJIA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upande wa Eastlands, hapa Nairobi. Kila Ijumaa baada ya masomo nasimamia chama cha wanafunzi wanaoandika bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za miaka ambayo bado haijafika na mashine ambazo bado hazijaundwa. Ninaandika kwa sababu ya hadithi moja kati ya hizo na yaliyoipata.

Miezi michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kushirikisha umma kuhusu mpango mmoja wa kidijitali. Ofisi iliyokiandaa sitaitaja, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea kwenye ofisi nyingine yoyote. Mkononi nilikuwa na karatasi nne, hadithi ya mwanafunzi wangu. Nilipopewa kipaza sauti nikaanza kuisoma. Sikufika ukurasa wa pili. Afisa aliyekuwa akiongoza kikao aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hii ni hadithi tu. Tuletee mapendekezo, kifungu kwa kifungu." Nikakaa. Waraka tulioitwa kuujadili ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mama aliyeketi kando yangu, muuza mboga, nilivyomkisia kwa kanga aliyojifunga na harufu ya dania mikononi, alininong'oneza akitaka nimwonyeshe ukurasa unaomhusu yeye. Niliufungua, nikaufunga. Sikuweza kumwonyesha.

Hadithi ile nitawasimulia hapa, kwa kuwa pale haikusikika.

Mwandishi wake ni msichana wa kidato cha tatu. Inaanza hivi: "Hapo kesho kutwa paliondokea mama mmoja katika mtaa wa Umoja." Ni mwaka 2055. Mama huyo anaishi katika nyumba ya chumba kimoja ambamo kila kitu kimenunuliwa kwa kulipa kidogo kidogo kila siku: jiko, taa, jokofu, godoro lenye kupima usingizi, na mlango. Mlango unajua ni nani anaingia na nani anatoka, na kila siku saa sita usiku unakata pesa yake kutoka kwenye simu ya mama. Mama anaugua homa. Siku ya kwanza hakwenda sokoni, taa ikazima. Siku ya pili jiko likazima. Siku ya tatu mlango ukasema, kwa sauti tamu ya kike, "Mpendwa mteja, huduma yako imesitishwa kwa muda," ukajifunga. Majirani wanakuja kumjulia hali. Wanasikia akikohoa ndani. Wanasukuma. Mlango unawashukuru kwa subira yao.

Wanafunzi walicheka waliposikia neno "mpendwa mteja". Kisha wakanyamaza, wote kwa pamoja, na katika miaka yangu ya kufundisha nimejifunza kuuheshimu ukimya wa aina hiyo. Walikuwa wamemtambua yule mama. Katika darasa lile kuna mtoto ambaye simu ya nyumbani kwao iliwahi kufungwa kutoka mbali kwa sababu malipo ya siku mbili yalichelewa. Kuna mwingine ambaye taa ya sola ya nyanyake huko mashambani huzimika yenyewe deni likifika. Kuna kijana ambaye kaka yake anaendesha boda boda ya mkopo, na pikipiki ikikatiwa huduma, husimama hapo hapo na mteja akiwa nyuma. Msichana yule alichukua kitu kilichopo tayari mfukoni mwa kila mmoja wetu, akakisogeza mbele miaka thelathini, akakitia kwenye mlango. Bunilizi ya kisayansi hufanya kazi namna hiyo. Haimwombi mtu atabiri. Humwomba achukue jambo la leo, aulize, "Na hili likiendelea je?", kisha amtie mtu wa kweli ndani yake na akae naye mpaka mwisho.

Naomba mnivumilie kidogo niongee kama mwalimu wa sarufi, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Tulipoanzisha chama, mwanafunzi mmoja aliniuliza: hadithi ya zamani huanza kwa "Hapo zamani za kale", je, hadithi ya miaka ijayo ianze vipi? Tulijaribu kutumia kiambishi -ta-, kwa kuwa ndicho cha wakati ujao. "Mama ataamka. Atafungua mlango. Ataenda sokoni." Haikuwa hadithi. Kijana mmoja alisema inasikika kama hotuba ya kampeni, na alikuwa amesema kweli. Kwenye -ta- hakuna aliyekuwapo. Hakuna jasho, hakuna harufu, hakuna anayeweza kuulizwa "Uliona nini?" Basi tukakubaliana kuandika miaka ijayo kwa -li- na -ka-, kana kwamba imeshapita na kuna shahidi. Mama aliamka, akasukuma mlango, mlango ukakataa. Mara tu ulipoandikwa hivyo, kila mtu darasani alikuwa na swali. Kwani funguo hakuna? Nani aliuza milango hiyo? Mwenye nyumba alisemaje? Sheria ilikuwa wapi?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza hotuba za kuzindua miradi ya teknolojia nchini kwa sikio jingine. Zote zimeandikwa kwa -ta-. Mfumo utarahisisha, utawezesha, utaunganisha, utahakikisha. Sisemi kwamba wanaozitoa wanadanganya. Nasema kwamba lugha hiyo haiwalazimishi kumwona mtu, na asiyemwona mtu hawezi kuuliza maswali yale ya darasani.

Tutazame mfano tuliouishi. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa ili watu watumiane pesa. Ilikuwa baraka, mimi mwenyewe sijui tungelipaje karo bila hiyo, na sitaki barua hii isomwe kama ya mtu anayechukia mashine. Novemba 2012 akiba na mkopo vikaingia ndani ya simu hiyo hiyo. Baadaye zikaja programu za kila aina za kukopesha, nyingine zikichota orodha ya majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji, ili siku akichelewa, wapigiwe bosi wake, pasta wake na mama mkwe wake. Kanuni za Benki Kuu za kuzuia mambo hayo zilitoka mwaka 2022. Ni miaka kumi na mitano tangu mwanzo. Ndani ya miaka hiyo kuna ndoa zilizovunjika na watu waliohama mitaa kwa aibu. Je, mwaka 2007 ilihitajika akili ya ajabu kuwaza kwamba chombo kinachobeba pesa za mtu na majina ya watu wake wote siku moja kinaweza kutumiwa kumwaibisha mbele ya watu hao? Kwa mwandishi wa hadithi, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Lakini hakuna aliyemwomba aiandike.

Hadithi ya pili niwape kwa ufupi, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho sikuwahi kukisoma kwenye waraka wowote wa sera. Aliiandika kijana ambaye baba yake ni makanga kwenye njia ya Kayole. Ni mwaka 2050, matatu zinajiendesha na makanga hawapo tena. Ajali zimepungua, na kijana hakulificha hilo hata kidogo. Shosho mmoja, bibi mzee, anafika stejini usiku, mvua inanyesha, na pesa zimemwishia kwenye simu. Mlango wa matatu haufunguki. Shosho anausemesha. Anaueleza kwamba amefiwa, kwamba atalipa kesho, kwamba anamjua mwenye gari. Gari linangoja sekunde zake zilizopangwa, linaondoka. Kisha kijana akaandika sentensi moja ambayo nimeibandika ukutani mwangu: "Baba angesema, ingia shosho, utalipa kesho."

Nimetembea na sentensi hiyo wiki nyingi. Nairobi hii ya watu wa kima cha chini inasimama juu ya "utalipa kesho". Mama mboga ana daftari lake. Mwenye duka ana daftari lake. Mwenye nyumba, hata awe mkali namna gani, mara nyingine hutazama watoto wa mpangaji akaondoka bila kusema neno. Huruma hiyo haimo katika hesabu za mtu yeyote, haijaandikwa katika mkataba wowote, na ndiyo inayofikisha watu mwisho wa mwezi. Mashine inapochukua kazi ya makanga, huchukua nauli, huchukua njia, na huacha nje ile dakika ya kumtazama mtu usoni na kuamua. Wanaoweka bajeti ya mfumo mpya huhesabu mishahara itakayookolewa. Sijaona mahali wanapohesabu misamaha itakayopotea. Watoto hawa wawili, bila kuambizana, waliona kitu kimoja: mlango wa Umoja na mlango wa matatu zote mbili ni hadithi za chombo kisichoweza kusema "kesho".

Kuna watakaosema kwamba kuwaza hivi ni jambo la kigeni, la sinema za Marekani. Sivyo. Kabla ya reli kufika hapa, wazee wetu walikuwa wameshaisimulia. Wanandi husimulia kwamba Kimnyole, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho, aliyeuawa mwaka 1890, alisema atakuja nyoka wa chuma apumuaye moshi, atoke upande wa bahari hadi ziwa la magharibi. Wakikuyu husimulia habari kama hiyo juu ya nabii wao, Mugo wa Kibiru. Reli ilifika penye maji baridi ya Wamaasai, hapa tunapoishi, Mei 1899. Kwa wahandisi, Nairobi ilikuwa bohari ya vyuma katikati ya kinamasi. Kwa waliokuwa na hadithi ya nyoka, reli ilikuwa kiumbe chenye kinywa, na kiumbe huulizwa kitakula nini. Mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya reli hiyo mpaka alipouawa kwa hila Oktoba 1905. Hadithi haikuizuia reli. Iliwapa watu neno la kuishikia na kuijadili tangu siku ya kwanza, na sisi leo mara nyingi hatuna hata hilo.

Na nyoka alikula. Alikula ardhi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande: karatasi yenye alama za vidole na maneno ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni mwa mwanamume Mwafrika ili asitoke kazini bila ruhusa. Babu yangu alikivaa. Ni teknolojia pia, Waheshimiwa. Ni mfumo wa utambulisho wenye data za mwili. Ndiyo maana mzee wa Nairobi anaposikia juu ya namba mpya na kadi mpya moyo wake hushtuka, na anayemwona mjinga hajui historia ya shingo yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi wa hatari kama huo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi za Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya taifa, zilianza kutolewa bila tathmini hiyo. Nashukuru kwa sheria, nashukuru kwa mahakama. Lakini hata tathmini ikifanywa, huuliza data itahifadhiwa wapi na nani ataifikia. Haiulizi mjukuu atajionaje akikua bila kukumbuka wakati ambapo hakuwa na namba.

Kiswahili chenyewe kina kazi hii tayari. Mwaka 1995 Katama Mkangi, msomi wa sosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi katika miaka ya 1980, alichapisha riwaya ya Walenisi. Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kifo. Anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anafika kwenye ulimwengu unaoitwa Walenisi, uliopangika kwa haki, na jina la ulimwengu huo ukilitamka polepole linakwambia wanaoishi huko ni akina nani: wale ni sisi. Chombo kilichoundwa kuua kikawa cha kufikisha, kwa sababu aliyekuwa ndani alijifunza kukiendesha. Nawasomea wanafunzi sehemu hiyo kila mwaka. Kila mwaka kuna anayeuliza kwa nini hakuwahi kusikia kitabu hiki.

Kuna pia filamu fupi ya Wanuri Kahiu, mzaliwa wa jiji hili, iitwayo Pumzi, ya mwaka 2009. Maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao na kukusanya hata jasho lao. Msichana anapoota mti, mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Sisi tunaopanga ndoo zetu kwa ratiba ya mgao wa maji tunaielewa filamu hiyo bila kufafanuliwa. Ile dawa ndiyo iliyonikaa kichwani. Niliikumbuka nilipoambiwa kwenye kikao, "Hii ni hadithi tu."

Wakubwa wa dunia hawasemi hivyo. Mwaka 2019 wizara ya majeshi ya Ufaransa ilitangaza kwamba itaunda kundi la waandishi wa bunilizi za kisayansi, wawawazie makamanda vitisho vya miaka ya 2030 hadi 2060. Mwanafizikia Leo Szilard alisoma mwaka 1932 riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1914 iliyokuwa na mabomu ya atomu. Mwaka uliofuata, akiwa London, alipogundua namna ya kuifanya nishati ya atomu ijiendeshe yenyewe, aliogopa kuitangaza. Hatimaye hataza yake, yaani hati ya umiliki wa ugunduzi huo, aliikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ili iwekwe siri. Alieleza kwamba alijua maana yake kwa sababu alikuwa amemsoma Wells. Bomu liliundwa hata hivyo. Sisemi hadithi ni ngao. Nasema yule mtu mmoja, kwa sababu ya kitabu, alikuwa tayari ameshaona miji ikiungua wakati wenzake wakiona milinganyo tu.

Na kwa haki niseme upande wa pili. Hadithi zinaweza kusomwa vibaya. Neno "metaverse", yaani ulimwengu wa kubuni ndani ya kompyuta, lilitoka katika riwaya ya Neal Stephenson ya mwaka 1992, ambayo ulimwengu wake si wa kutamanika hata kidogo. Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilijipa jina jipya kutokana na neno hilo. Onyo likageuzwa kuwa ramani ya ujenzi. Hilo hutokea hasa pale wanaosoma hadithi ni wachache na wote ni wenye mitaji. Dawa yake ni kuwa na wasomaji wengi zaidi, na waandishi wa mitaa mingi zaidi, wakiwemo wa Kayole.

Maana Nairobi imo ndani ya jambo hili hadi shingoni. Neno "roboti" lilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek iliyochezwa Prague mwaka 1921, nalo linatokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Miaka mia moja baadaye, Januari 2023, jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi hapa nchini walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kutia alama maandishi ya ukatili, ili ChatGPT, programu inayojibu watu kwa maandishi, ijifunze kuyaepuka. Vijana wetu walisoma uchafu wa dunia nzima ili mashine iwe na adabu. Baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wamefanya kazi za aina hiyo, kwa mwajiri nisiyemtaja. Mmoja alinitembelea shuleni akashindwa kukaa darasani watoto wakipiga kelele. Sasa tuna Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde (AI) wa 2025 hadi 2030. Miaka mitano! Mtoto aliyezaliwa mwezi uliozinduliwa, Machi 2025, atakuwa hata hajamaliza chekechea mkakati utakapokwisha muda wake. Nani amemwandikia yeye?

Mnakumbuka foleni za mwaka 2023 pale kwenye jumba la mikutano la KICC, watu wakipigwa picha za mboni za macho kwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takribani shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, watu wakiwa wameshapigwa picha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data ile ifutwe. Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Jicho utalibadilisha na lipi? Mwanafunzi mmoja aliandika juu ya mtu wa mwaka 2060 anayekataliwa kuvuka mpaka kwa sababu ya jicho aliloliuza akiwa na miaka kumi na tisa, siku aliyokuwa na njaa. Hakulaumu mtu katika hadithi yake. Aliandika bei ya unga wa siku hiyo tu.

Ninachoomba ni hiki.

Kila mswada wa teknolojia na kila mradi mkubwa wa kidijitali unapoletwa kwa wananchi, uje na hadithi mbili fupi za Kiswahili. Moja iandikwe na wanaoutaka mradi: siku moja ya mtu mmoja, mwenye jina, mahali panapojulikana, miaka thelathini mbele, kwa -li- na -ka-. Ya pili iandikwe na mtu wa mahali mradi utakapotua, alipwe kwa kazi yake. Zisomwe kwa sauti kwenye baraza kabla ya kifungu chochote kujadiliwa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe watu, na Kifungu cha 7 kinakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Mama wa dania hawezi kushirikishwa kwa waraka asioweza kuufungua. Hadithi ya mlango angeielewa mara moja, na naamini angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Gharama yake ni ndogo kuliko chai ya warsha moja hotelini.

Sitaki hadithi hizo zote ziwe za kutisha. Msichana mmoja kwetu aliandika juu ya Mto Nairobi wa mwaka 2045 wenye samaki, vijana wa Korogocho wakiulinda kwa vifaa vya kupima maji wanavyovimiliki wenyewe. Wenzake walimzuia: "Nani alilipa?" Akaenda, akarudi, akaandika upya mara tatu mpaka akajua nani alilipa, nani alikataa, na ni bomba lipi lilizibwa kwanza. Rasimu ya tatu ilikuwa mpango wa kazi bora kuliko mingi niliyowahi kuisikia ikisomwa jukwaani.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, ombi langu ni dogo zaidi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala itafute nafasi ya bunilizi ya kisayansi katika fasihi ya Kiswahili ya sekondari, angalau kitabu kimoja teule, na insha moja ya kuwazia miaka ijayo. Tunawafundisha watoto kutengeneza programu tangu wakiwa wadogo, na ni jambo jema. Anayejua kuunda mlango afundishwe pia kukaa ndani ya chumba na yule mama mgonjwa.

Nimeambatisha hadithi kumi na moja, majina ya waandishi yakiwa yameondolewa kwa sababu ni watoto. Ile ya mlango ni ya nne. Chama hukutana Ijumaa saa tisa na nusu, katika darasa la mwisho karibu na mti wa mwarobaini, na mlinzi langoni ataelekeza. Mkija, mtapewa kalamu na karatasi kama wengine wote, na mtaanza na maneno yale yale: "Hapo kesho kutwa paliondokea..."

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Eastlands, Nairobi.